Mwanasayansi asiyejua hesabu: uchambuzi wa kisa cha Michael Faraday

Tarehe 3 Septemba 1822 Michael Faraday, akiwa London, alimwandikia barua André-Marie Ampère wa Paris. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Hans Christian Ørsted wa Denmark aonyeshe kwamba waya unaopitisha umeme huisogeza sindano ya dira. Katika muda huo mfupi Ampère, bingwa wa hesabu, alikuwa amekwisha kulijengea jambo hilo nadharia nzima yenye milinganyo yake. Faraday alikuwa hajatimiza miaka 31. Alimwambia waziwazi kwamba ana bahati mbaya ya kutojua hesabu, tena hana wepesi wa kuzama katika fikra zisizoshikika. Kwa hiyo analazimika kupapasa njia yake kwa kufuata mambo ya hakika aliyoyapanga karibu karibu.

Nusu ya kwanza ya maneno hayo twaisikia kila siku. Mwanafunzi wa kidato cha pili anasema hesabu si zake. Fundi kijana anasema kichwa chake kizito, asome nini tena. Darasani wapo vipanga na wapo vilaza, na mtoto akishapewa jina la kilaza mara tatu nne analichukua akaenda nalo nyumbani. Nusu ya pili, ile inayoanza na "kwa hiyo", ndiyo adimu. Faraday alikiri upungufu, na papo hapo akaeleza anafanyaje kazi akiwa nao. Kisa chake kinafaa kuchambuliwa kwa sababu ya ile nusu ya pili, kwani aliishi kwayo miaka 40 iliyofuata na ameacha maandishi ya kutosha kutuonyesha namna alivyofanya.

Mtu aweza kusema huo ulikuwa unyenyekevu wa barua tu. Sidhani. Mwaka 1858, akiwa mzee mwenye sifa Ulaya nzima, alimwandikia Auguste de la Rive wa Geneva juu ya utoto wake, akamwonya asidhani kwamba alikuwa mtu wa fikra za kina au mtoto aliyewatangulia wenzake. Alikuwa na mawazo mengi ya kubuni, akasema, kiasi kwamba aliweza kuiamini Alfu Lela Ulela kwa urahisi uleule aliouamini nao kamusi ya maarifa. Kilichomwokoa ni mambo ya hakika: jambo lililothibitika aliliamini, na dai lolote alilihoji kama shahidi mahakamani. Mtu anayejisifia kwa ujanja hasemi kwamba alikuwa mwepesi wa kudanganyika. Faraday aliyasema hayo kwa sababu ndivyo alivyojiona.

Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791 kusini mwa London, baba yake mhunzi mwenye maradhi ya mara kwa mara. Mwaka 1801 chakula kilipopanda bei, fungu la Michael lilikuwa mkate mmoja wa kumtosha wiki nzima. Shule aliyosoma ilimpa kusoma, kuandika na hesabu za mwanzo, basi. Akiwa na miaka 13 alikuwa mtoto wa kutumwa katika duka la George Riebau, muuza vitabu na mjalidi, akipeleka magazeti kwa wateja. Mwaka uliofuata akawa mwanagenzi wa kujalidi vitabu kwa mkataba wa miaka saba. Alikuwa akisoma vitabu alivyopewa kujalidi, na Riebau hakumzuia.

Katika miaka hiyo ya ujana ndipo alipoanza kuuchunguza upungufu wake mmoja mmoja, na hapo ndipo ninapomwona tofauti na wengi wetu. Neno "mimi si mwerevu" halina pa kushikwa. Huwezi kulitibu, huwezi hata kulipima. Faraday aliligawa. Kumbukumbu yake ilikuwa mbovu. Kiswahili husema mtu hana maneno, na yeye, kijana wa mitaani, hakuwa na maneno ya kusemea mbele za wasomi. Hesabu hakuzijua. Mambo hayo matatu ni tofauti, na kila moja alilishughulikia kwa namna yake.

Kumbukumbu aliikabidhi kwa karatasi. Alisoma kitabu cha Isaac Watts kuhusu kuikuza akili, akafuata mashauri yake kwa utiifu wa ajabu: kuweka daftari la mambo aliyoyasoma, kuhudhuria mihadhara akaandika, kuandikiana barua na rafiki. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka, William Dance, alimpa tiketi za mihadhara minne ya mkemia mashuhuri Humphry Davy kwenye Royal Institution, taasisi ya sayansi jijini London. Faraday aliandika alichosikia, akarudi nyumbani akaandika upya kwa urefu na michoro, kisha akajalidi kurasa zote kwa mikono yake kuwa kitabu. Kitabu hicho ndicho alichompelekea Davy mwishoni mwa mwaka huo kuomba kazi. Tazama kilichofanyika: mtu mwenye kumbukumbu nzuri angetoka ukumbini na mihadhara yake kichwani na asingekuwa na cha kumwonyesha Davy. Faraday alikuwa na kitabu.

Tabia hiyo haikumtoka. Kuanzia mwaka 1832 alizipa aya za daftari lake la maabara namba zinazofuatana, na hakuanza upya kila mwaka. Mwishowe zilipita 16,000. Ndani yake mna majaribio yaliyofaulu na yaliyoshindwa, yakiwa yameandikwa kwa uangalifu uleule. Alipotaka kujua alifikiri nini miaka kumi nyuma, hakukisumbua kichwa. Alifungua daftari akaitafuta namba. Watu hulisifu daftari hilo kama alama ya bidii, na bidii ilikuwamo. Lakini mimi naliona kwanza kama kifaa cha mtu aliyejua kwamba kesho hatakumbuka.

Kuhusu maneno, alifuata watu. Alimchagua Benjamin Abbott, kijana aliyesoma kuliko yeye, awe rafiki wa kuandikiana naye, na alimweleza sababu: anataka kujifunza kupanga mawazo yake kwa maandishi. Rafiki mwingine alimsahihisha sarufi na matamshi kwa miaka. Baadaye, alipoanza kutoa mihadhara yeye mwenyewe, alilipia masomo ya kusema mbele ya watu. Akijua pia kwamba akishaingia kwenye jambo analolipenda huanza kwenda mbio, aliweka mbele yake kadi yenye neno la kumwambia aende polepole; akiisahau, msaidizi wake, sajini mstaafu Charles Anderson, alikuwa na amri ya kuinyanyua na kumwekea machoni. Msemaji aliyekuja kuujaza ukumbi wa Royal Institution, na aliyewahutubia watoto wakati wa Krismasi mwaka baada ya mwaka, alikuwa na kadi mezani. Hakungoja siku ambayo ataacha kuwa mwepesi wa ulimi.

Hesabu ndizo zilizobaki, na hapa kisa kinakuwa kizito kuliko hadithi za kutia moyo zinavyotaka kiwe. Kumbukumbu aliizungushia ua na maneno alijifunza, lakini hesabu hakujifunza. Miaka ilipita, nadharia za umeme zikazidi kuandikwa kwa milinganyo, na Faraday akabaki nje ya lugha ya wenzake. Kilichomsaidia ni kwamba aliichukua kwa uzito njia aliyomtajia Ampère: kupapasa kwa mambo ya hakika yaliyo karibu karibu, kama mtu avukaye mto kwa kulijaribu kila jiwe kwa mguu kabla ya kulikanyaga.

Mwaka 1821 jarida moja lilimwomba aandike muhtasari wa yote yaliyogunduliwa kuhusu umeme na sumaku tangu Ørsted. Mwingine angesoma makala akayafupisha. Faraday alirudia majaribio yote kwa mikono yake, kwani kama alivyosema baadaye, hakuwahi kuweza kulifanya jambo kuwa lake bila kuliona. Ilimgharimu muda mwingi. Katikati ya kurudia huko, mapema Septemba, aliona lile ambalo waandishi wa makala hawakuliona: waya wenye umeme waweza kuizunguka sumaku bila kukoma. Mota ya kwanza ya umeme ilizaliwa katika kazi ya mtu aliyekuwa akijaribu tu kuelewa walichosema wengine.

Mfano wa pili unanigusa zaidi. Mwaka huohuo wa ile barua, 1822, Ampère alikuwa Geneva pamoja na de la Rive, akijaribu pete ya shaba karibu na koili, yaani waya uliosokotwa mizunguko mingi, na sumaku yenye nguvu. Pete ilisogea. Umeme ulikuwa umeamshwa ndani yake na umeme wa jirani. Ampère aliliona jambo hilo kwa macho yake, akaliripoti, na akaliacha lipite, kwa kuwa halikubadili chochote katika nadharia yake iliyokwisha kukamilika. Miaka tisa baadaye, tarehe 29 Agosti 1831, Faraday alichukua pete ya chuma yenye kipenyo cha inchi 6 hivi, akaizungushia koili mbili za waya pande mbili, akaiunganisha moja na betri. Sindano upande wa pili ilicheza alipounganisha, ikatulia, ikacheza tena alipokata. Kwa nini icheze mwanzoni na mwishoni tu? Hakuwa na nadharia ya kuilinda, wala ya kumwambia kwamba mchezo huo mdogo ni wa kupuuzwa. Alilifuata kwa wiki kadhaa. Tarehe 17 Oktoba aliingiza sumaku ndani ya koili na kuitoa, akapata umeme. Tarehe 28 Oktoba alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, akapata mkondo usiokatika. Mitambo ya umeme wa maji ya Tanzania, ile ya Kidatu, Mtera na bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, yote hufanya kazi kwa kanuni iliyoonekana siku zile.

Nisieleweke vibaya: sisemi kutojua hesabu kulimpa Faraday ugunduzi huo. Wapo maelfu wasiojua hesabu ambao hawajagundua kitu. Nasema kwamba njia aliyolazimika kuishika kwa sababu ya upungufu wake ilimpitisha mahali ambapo mwenye kipaji cha hesabu alikuwa amepita mbio. Na hakuishika kwa shingo upande. Aliiboresha hadi ikawa ufundi.

Kwa vile hakuweza kuandika milinganyo, alichora. Ukimwaga chenga za chuma juu ya karatasi iliyowekwa juu ya sumaku, zinajipanga kwa mistari iliyopinda kutoka ncha hadi ncha. Kila aliyesoma fizikia sekondari ameiona. Wanahesabu wa wakati ule waliitazama mistari hiyo kama pambo. Kwao, nguvu iliruka kutoka kitu hiki hadi kile katika nafasi tupu, na kilichokuwa na maana ni umbali na kiasi. Faraday alianza kuamini kwamba mistari ile yaonyesha kitu kilichopo kweli, kwamba nafasi yenyewe iliyoizunguka sumaku ina hali fulani. Hakuwa na namna nyingine ya kufikiri juu ya nguvu zaidi ya kuiona, kwa hiyo aliitazama kwa miaka zaidi ya ishirini.

Alidharauliwa kwa hilo. Mwaka 1855 George Airy, mkuu wa wanaastronomia wa serikali ya Uingereza, aliandika kwamba hawezi kufikiri mtu yeyote anayeijua hesabu ya jambo hilo akasita hata kidogo kuchagua kati ya nadharia sahili na kamili iliyokuwapo na kitu kisichoshikika kama mistari ya nguvu. Kwa mtu ambaye maisha yake yote alijua kwamba hesabu ndipo anapopungukiwa, maneno hayo yalilenga mahali penyewe. Faraday hakuiacha mistari yake, na wala hakudai kwamba hesabu hazina thamani.

Wakati huohuo kijana wa Kiskoti, James Clerk Maxwell, aliyehitimu hesabu Cambridge, alikuwa ameamua kutosoma hesabu zozote za umeme mpaka kwanza amsome Faraday. Akaandika makala kuhusu mistari ya nguvu ya Faraday na kumpelekea nakala. Machi 1857 Faraday alimjibu kwamba kwanza aliogopa kidogo kuona nguvu kubwa namna ile ya hesabu ikielekezwa kwenye jambo lake, kisha akastaajabu kuona jambo lenyewe limestahimili. Novemba mwaka huo alimwomba kitu ambacho ningependa kila mwalimu akisikie: mwanahesabu akishafika kwenye hitimisho lake, je, haliwezi kusemwa pia kwa lugha ya kawaida, kwa ukamilifu na uwazi uleule, ili watu kama yeye walifanyie kazi kwa majaribio? Alikuwa na miaka 66, mwanasayansi mashuhuri kuliko wote Uingereza, na alimwomba kijana wa miaka 26 amtolee maana ya maandishi asiyoweza kuyasoma. Hakuona haya. Wangapi kati yetu wangenyamaza wakajifanya wameelewa?

Maxwell naye alitoa hukumu ambayo inabadili kisa chote. Katika dibaji ya kitabu chake kikubwa cha mwaka 1873 aliandika kwamba kadiri alivyozidi kumsoma Faraday, ndivyo alivyotambua kuwa namna yake ya kuyafikiria mambo ilikuwa ya kihesabu pia, ingawa haikuandikwa kwa alama zilizozoeleka. Yaani Faraday alijihukumu vibaya kwa sehemu. Alichokosa ni maandishi ya hesabu. Kufikiri kihesabu alikuwa nako bila kujua, kwa kuwa shuleni na katika vitabu hesabu humaanisha yale maandishi. Nadhani jambo hili hutokea mara nyingi kuliko tunavyofikiri. Fundi seremala anayekadiria paa kwa jicho na kukosea sentimita mbili anakuambia hesabu hazijui, na mama anayezungusha hela za mchezo wa watu ishirini bila kukosea anakuambia hakusoma.

Lipo la kusema pia juu ya bahati, maana bila kulitaja kisa kinageuka kuwa fimbo ya kuwapigia wanyonge. Davy alimjibu kwa upole alipoomba kazi, akamshauri abaki na ujalidi wake. Kazi ilipatikana kwa sababu msaidizi wa maabara alifukuzwa kwa kupigana, na Davy alikuwa ameshamjua Faraday baada ya kuumia macho katika mlipuko wa kemikali na kuhitaji mtu wa kumwandikia. Machi 1813 aliajiriwa kwa shilingi 25 kwa wiki na vyumba viwili juu ya jengo. Kuanzia hapo alikuwa na maabara chini ya ngazi zake na mshahara. Njia ya polepole inahitaji muda, na muda unahitaji mtu wa kuulipia. Mwanafunzi wetu mwenye kichwa kinachoelewa polepole lakini kwa undani anapimwa kwa mtihani wa saa mbili na nusu, katika shule ambayo pengine haina hata sumaku. Kumwambia "mbona Faraday aliweza" bila kumpa maabara, daftari na mwalimu mwenye subira ni kumdhulumu. Wala Faraday hawezi kuwa kisingizio cha kuacha hesabu: bila Maxwell mistari ile ingeweza kubaki michoro ya mzee mmoja kwa miaka mingi.

Hata sifa ilipokuja, aliendelea kujipima kwa ukweli. Tangu karibu mwaka 1840 kumbukumbu yake ilizidi kuharibika, akapata vizunguzungu, akalazimika kupumzika kwa muda mrefu. Alipunguza mialiko na kazi za pembeni ili nguvu zilizobaki ziende kwenye majaribio. Mwaka 1845, baada ya mapumziko hayo, alionyesha kwamba sumaku yaweza kuugeuza mwelekeo wa mtetemo wa nuru ndani ya kioo kizito. Mwaka 1857 alipoombwa kuwa rais wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, alikataa. Alimwambia mwanafizikia mwenzake John Tyndall kwamba lazima abaki Michael Faraday tu mpaka mwisho, na kwamba akiukubali wadhifa ule hawezi kudhamini uzima wa akili yake hata kwa mwaka mmoja. Wengi husoma hapo unyenyekevu wa dini yake. Mimi nasoma pia hesabu ya mtu anayejua ana akiba kiasi gani na anataka kuitumia wapi.

Tarehe 12 Machi 1862 alifanya moja ya majaribio yake ya mwisho. Aliweka mwali wa moto wenye chumvi kati ya ncha za sumaku, akaichambua nuru yake na kutazama kama mistari ya rangi inayoonekana humo itabadilika. Haikubadilika, akaandika hivyo daftarini. Septemba mwaka huo alimwandikia rafiki yake Schönbein kwamba anachana barua zake tena na tena kwa sababu anaandika upuuzi, na hawezi tena kuendeleza mstari mmoja. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867. Miaka 34 baada ya jaribio lile la mwali, Pieter Zeeman wa Uholanzi alisoma katika maandishi ya Maxwell kwamba Faraday aliwahi kulijaribu jambo hilo asione kitu, akaona kwamba kilichostahili kujaribiwa na Faraday kinastahili kurudiwa kwa vifaa bora. Mistari ilipanuka. Zeeman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 pamoja na Hendrik Lorentz, na katika makala yake aliandika wazi alikolitoa wazo hilo.